Mto ukipewa haki, nani anausemea? Lawama dhidi ya haki za maumbile na sheria za mazingira za kimataifa

Machi 2017 mito mitatu ilipata hadhi ya mtu mbele ya sheria. Bunge la New Zealand lilipitisha sheria inayoutambua Mto Whanganui, wenye urefu wa kilomita 290 hivi, kuwa mtu wa kisheria mwenye haki na wajibu, anayeweza kushitaki na kushitakiwa. Siku chache baadaye, Mahakama Kuu ya jimbo la Uttarakhand nchini India ikautangaza Mto Ganga na tawimto lake Yamuna kuwa watu walio hai. Miezi minne haikutimia kabla Mahakama ya Juu ya India haijaisimamisha hukumu hiyo. Whanganui ni mtu hadi leo.

Aliyekata rufaa India hakuwa mwenye kiwanda. Ilikuwa serikali ya jimbo lenyewe, ambayo maofisa wake waandamizi walikuwa miongoni mwa walioteuliwa na mahakama kuwa walezi wa mito hiyo. Hoja zao zilikuwa za watu waliotwishwa mzigo bila kuulizwa. Ganga unapita majimbo kadhaa kabla ya kuingia Bangladesh. Ofisa wa Uttarakhand atauamuru vipi mji ulioko jimbo la Bihar uache kumwaga majitaka? Na mto ukifurika ukaua watu, warithi wa marehemu wamshitaki nani, mto au mlezi wake?

Maswali kama haya huchukuliwa kirahisi kuwa visingizio vya wasiojali mazingira. Naamini ndiyo maswali mazito kuliko yote katika mjadala huu, na kwamba yanaigusa mikataba ya kimataifa ya mazingira kama yanavyozigusa haki za mito na misitu. Shida ni kwamba lawama zimechanganyika. Za wanafalsafa, za wenye mitaji na za wanakijiji wanaofukuzwa kwenye ardhi yao zote zinaingizwa kapu moja, kisha kapu zima ama linakumbatiwa ama linatupwa.

Lawama inayosikika upesi kuliko zote ni kwamba mto hauwezi kuwa na haki kwa kuwa hauna akili, hausemi, wala hauna wajibu kwa yeyote. Hii ni nyepesi. Kampuni nayo haina akili wala ulimi, lakini inamiliki ardhi, inakopa benki na kuburuza watu mahakamani kila siku. Mtoto wa siku moja hana wajibu wowote, na bado anarithi. Mwaka 1972 mwanasheria Mmarekani Christopher Stone alieleza jambo hili kwa kina, akapendekeza miti na mito nayo iwe na wasimamizi wa kuisemea mahakamani. Mwaka huohuo likafika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani shauri la bonde la Mineral King huko California, ambako kampuni ya Walt Disney ilitaka kujenga kituo cha michezo ya theluji. Shirika la Sierra Club lilishindwa kwa sababu halikuonyesha kwamba wanachama wake wenyewe wangeumia. Jaji William O. Douglas, aliyekuwa miongoni mwa wachache waliopinga uamuzi huo, aliandika kwamba bonde lenyewe lingepaswa kuwa mlalamikaji.

Sheria, basi, inaweza kumpa hadhi ya mtu yeyote inayemtaka na chochote inachokitaka. Ugumu unaanza pale mtu huyu asiyesema anapohitaji msemaji, na msemaji anapohitaji nguvu.

Ecuador ndiyo shule kuu ya jambo hili. Katiba yake ya mwaka 2008, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi, ilikuwa ya kwanza duniani kuyapa maumbile, au Pachamama (Mama Dunia kwa wenyeji wa Andes), haki ya kuheshimiwa na kurejeshwa katika hali yake yanapoharibiwa. Ibara ya 71 inamruhusu mtu yeyote, jamii au taifa la asili kudai haki hizo. Mwaka 2011 ikaja kesi ya kwanza kushinda: Mto Vilcabamba, ambao mamlaka ya mkoa wa Loja ilikuwa ikiutupia mawe na kifusi cha upanuzi wa barabara. Mahakama iliamuru mto usafishwe. Ushindi ulisherehekewa dunia nzima, lakini utekelezaji wake ukasuasua kwa muda mrefu, kwa sababu aliyeamriwa kusafisha ndiye aliyechafua na hakukuwa na mtu wa kumsimamia kila siku.

Kilichofuata mwaka huohuo kinafundisha zaidi. Serikali ya Ecuador yenyewe iliingia mahakamani ikidai kwamba wachimbaji wa dhahabu wasio na leseni katika mkoa wa Esmeraldas wanavunja haki za maumbile. Jaji alikubali, jeshi likatumwa, na mashine za kuchimbia zikalipuliwa kwa baruti. Mwaka 2013 mashirika ya wananchi nayo yakaenda mahakamani na haki zilezile mkononi, kupinga mgodi mkubwa wa shaba wa Mirador, kusini-mashariki mwa nchi, ambao serikali ilikuwa imeshasaini mkataba wake na kampuni ya Kichina. Walishindwa. Mahakama iliona kwamba mgodi una manufaa ya umma, na waliokuja kuusemea msitu wanatetea maslahi yao binafsi.

Tuzisome kesi hizi mbili pamoja. Katiba ni ileile na maumbile ni yaleyale, ila katika moja dola ndiyo iliyokuwa ikiyasemea na katika nyingine ilikuwa ikiyapinga. Kwa mwenye nguvu, haki za maumbile ziligeuka fimbo ya ziada juu ya sheria za uchimbaji alizokuwa nazo tayari. Sisemi wachimbaji wale hawakuwa wakiharibu mito, walikuwa wakiiharibu. Lakini mkosoaji anaposema haki hizi zinaweza kuwapiga maskini na kuwaacha wakubwa, huu ndio ushahidi wake, na haufutiki kwa kumwita adui wa mazingira.

Haki yenyewe, ikisimamiwa na wasioujua uhai wanaousimamia, inaweza pia kuua. Estrellita alikuwa tumbili jike wa msituni, aliyekaa miaka 18 katika nyumba ya mwanamke mmoja wa Ecuador tangu akiwa mchanga. Mwaka 2019 maofisa walimchukua kwa kuwa sheria inakataza kufuga wanyamapori majumbani, wakampeleka kwenye bustani ya wanyama. Mwezi haukuisha, akafa. Mwanamke yule alifungua shauri la kutaka aachiliwe bila kujua kwamba ameshakufa. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba wanyama nao ni wenye haki ndani ya haki za maumbile, na kwamba haki za Estrellita zilivunjwa alipotolewa porini, kisha zikavunjwa tena na mamlaka zilizomchukua bila kuangalia hali yake. Ni hukumu makini sana. Ilitoka zaidi ya miaka miwili baada ya mwenye haki kufa.

Ili nisiipake nchi hiyo rangi moja, mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ilifuta vibali vya uchimbaji katika msitu wa Los Cedros, na kampuni zikalazimika kuondoka. Hapo mpaka wa msitu ulikuwa unajulikana, viumbe vilivyo hatarini vilikuwa vimeorodheshwa na wanasayansi waliokaa pale miaka mingi, na amri ilisema wazi nani asifanye nini. Palipokosekana mambo hayo, haki imebaki maneno.

Mji wa Toledo katika jimbo la Ohio, Marekani, uliligundua hilo kwa uchungu. Agosti 2014 mwani wenye sumu, uliokuzwa na mbolea inayotiririka kutoka mashambani, uliyafanya maji ya Ziwa Erie yasinyweke, na mamia ya maelfu ya watu wakakaa siku tatu hivi bila maji ya bomba. Februari 2019 wakazi walipiga kura kulipa ziwa haki ya kuwepo na kustawi. Wakulima walifungua kesi mara moja, na mwaka mmoja baadaye jaji wa mahakama ya shirikisho akaifuta sheria hiyo kwa kukosa uwazi. Mkulima ajuaje ni kilo ngapi za mbolea zinazolizuia ziwa kustawi? Mchafuzi mkaidi hupenda hoja hii, lakini hata mkulima mwema anastahili jibu, na sheria ile haikumpa.

Uganda nayo ilitambua haki za maumbile katika Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019, huku waziri akiachiwa kutaja kwa kanuni maeneo ya hifadhi ambayo haki hizo zitayahusu. Wakati huohuo mradi wa mafuta wa Tilenga umeingia hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Haki inayosubiri kalamu ya waziri ili ijue inaishi wapi ni haki iliyozaliwa imefungwa kamba. Na Bangladesh, ambako Mahakama Kuu iliitangaza mito yote ya nchi kuwa na uhai wa kisheria mwaka 2019, inawakumbusha watetezi jambo wanalolisahau: kingo za mito ya nchi ile zimejaa watu wasio na pengine pa kwenda, na amri ya kuondoa wavamizi haimtenganishi mwenye kiwanda na mwenye kibanda mpaka mtu aamue kuwatenganisha.

Kwa nini basi Whanganui umedumu? Nadhani ni kwa sababu sheria yake haikuanzia kwenye falsafa. Ilianzia kwenye deni. Wamaori wa mto ule, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliudai kwa zaidi ya karne moja, kwa maombi bungeni na kesi mahakamani, na sheria ya 2017 ni sehemu ya kumaliza dai hilo chini ya Mkataba wa Waitangi, uliosainiwa mwaka 1840 kati ya Wamaori na dola ya Uingereza. Mto una wasemaji wawili, mmoja akiteuliwa na makabila ya mto na mwingine kwa niaba ya dola, na una mfuko wake wa dola milioni 30 za New Zealand. Wapo walioujua kabla ya Bunge kuujua; usemi wao, “mimi ni mto, mto ni mimi,” haukutungwa kwa ajili ya muswada. Hata hivyo wakosoaji wana la kusema hapa pia. Sheria iliacha haki binafsi zilizokuwepo kama zilivyo, na maji ya vyanzo vya mto huo yanaendelea kuelekezwa kwenye mradi wa umeme wa Tongariro. Kuwa mtu hakukuurudishia Whanganui maji yake yote.

Tukivuka mipaka ya nchi, maswali ni yaleyale, ila msemaji anazidi kuwa mbali na anayebeba gharama. Mkutano wa Stockholm wa mwaka 1972 uliweka kanuni yenye pande mbili: kila nchi ina mamlaka juu ya rasilimali zake, na kila nchi ina wajibu wa kutoharibu mazingira nje ya mipaka yake. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, ugomvi karibu wote wa mikataba ya mazingira ni ugomvi kati ya pande hizo mbili.

Anayedai kwamba mikataba hii haifanyi kazi kabisa anakosea, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 inatosha kumjibu. Ilitaja kwa majina kemikali zinazotoboa tabaka la ozoni, linaloikinga dunia na miale mikali ya jua, ikaweka tarehe za kuziacha, ikazuia biashara ya kemikali hizo na nchi zilizokaa nje, na baadaye ikaundiwa mfuko wa kulipia gharama za nchi maskini. Nchi zote duniani zimeiridhia na tabaka la ozoni linapona. Viwanda navyo vilikuwa vimeanza kupata kemikali mbadala, jambo ambalo lilipunguza upinzani.

Weka hiyo kando ya Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, wa kuzuia ongezeko la joto duniani. Hapo kila nchi inajiandikia lengo lake, na ikilikosa hakuna adhabu. Marekani ilijitoa mwaka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 rais wake akaamuru ijitoe tena. Kabla yake, Kanada ilijitoa katika Itifaki ya Kyoto, mkataba wa tabianchi uliotangulia ule wa Paris, ilipoona haitatimiza ahadi yake. Na malengo 20 ya kulinda bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, yaliyokubaliwa Japani mwaka 2010, ambayo yalipaswa kufikiwa kufikia 2020, hakuna hata moja lililotimizwa kikamilifu duniani. Wanaosema sheria za kimataifa za mazingira hazina meno wanasoma kumbukumbu tu.

Lakini zipo zenye meno, na hapo lawama hubadilika: zinamuuma nani? Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu mwaka 1989. Botswana, Namibia na Zimbabwe zimelalamika kwa miaka mingi kwamba zimewatunza tembo wao, wameongezeka, na bado haziruhusiwi kuuza pembe isipokuwa kwa vibali vya mara moja kama vya mwaka 1999 na 2008. Kura ya nchi isiyo na tembo hata mmoja ina uzito sawa na ya Botswana, yenye zaidi ya laki moja. Kenya na nchi nyingine zenye tembo hujibu kwamba soko halali likifunguliwa, pembe za majangili hupenya humo, na kwamba tembo wao wachache ndio watakaolipia. Naiona hoja ya Kenya kuwa na nguvu zaidi kuhusu soko. Lakini mkulima wa kusini ambaye tembo amemaliza mahindi yake usiku mmoja, au amemuua ndugu yake njiani, hana ibara yoyote katika mkataba ule inayomfidia. Dunia imeamua tembo aishi na ikamwachia yeye bili.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu inarudia sura hiyo kwa njia nyingine. Kahawa, kakao, soya, mpira, mawese, mbao na ng’ombe havitaruhusiwa kuingia soko la Ulaya ikiwa vimetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na mwagizaji atalazimika kuonyesha alama za ramani za shamba lenyewe. Nia yake ni njema, kwani ulaji wa Ulaya umechangia kweli kuangamiza misitu ya kitropiki. Brazil na Indonesia zinapinga kwamba inakataa hata mazao ya ardhi iliyosafishwa kihalali kwa sheria zao. Hoja ya mamlaka ya nchi hainishawishi sana, maana msitu ukiisha umeisha, kibali kiwe kilikuwepo au hakikuwepo. Inayonishawishi ni ya mkulima mwenye ekari mbili za kahawa. Kampuni kubwa yenye wapimaji wake itaweka alama hizo na kuendelea. Yeye asipopata wa kumpimia, mnunuzi atamruka, ingawa hajawahi kukata msitu. Tarehe ya kuanza kutekelezwa imeahirishwa zaidi ya mara moja, na shinikizo la viwanda na wafanyabiashara lilisikika haraka kuliko kilio chake.

Lawama ambayo naona haizungumzwi vya kutosha ni kwamba sheria za kulinda uwekezaji zina nguvu kuliko za kulinda mazingira. Nchi ikivunja mkataba wa tabianchi hulaumiwa kwa hotuba. Ikivunja mkataba wa uwekezaji, kampuni inaweza kuipeleka mbele ya jopo la usuluhishi, na fidia ikiamuliwa, mali za nchi hiyo zinaweza kuandamwa hata ng’ambo. Katika bonde la Intag, Ecuador, wanakijiji wa Junín walisimama mwaka 2006 kuwazuia walinzi wenye silaha wa kampuni ya madini ya Kanada, Copper Mesa, walinzi waliowapulizia gesi ya kuwasha na kufyatua risasi. Mwaka 2008 serikali ilifuta leseni za uchimbaji zilizotolewa bila kushauriana na wenyeji wala tathmini ya mazingira, zikiwemo za kampuni hiyo. Mwaka 2016 wasuluhishi waliiamuru Ecuador iilipe kampuni zaidi ya dola milioni 19. Kuhusu Junín waliipunguzia kampuni fidia kwa asilimia 30 kwa sababu ya mwenendo wake, kisha wakaidhinisha iliyobaki.

Mahakama kubwa zimeanza kusogea. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kulinda tabianchi, na kwamba kuuvunja kunaweza kuzaa wajibu wa kufidia. Mwezi huohuo Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikatangaza maoni yanayoyatambua maumbile kuwa mwenye haki. Yote mawili ni maoni ya ushauri, hayana nguvu ya hukumu kati ya wadai wawili. Ecuador, nchi ya Pachamama katika katiba, mwezi huohuo iliingiza wizara yake ya mazingira chini ya wizara ya nishati na madini.

Pande zote mbili za mjadala huu zinakutana Yasuní, msitu wa Amazon wa Ecuador wenye bayoanuwai nyingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na makazi ya watu waliochagua kuishi bila mawasiliano na nje. Mwaka 2007 Rais Rafael Correa aliuambia ulimwengu kwamba Ecuador ingeacha zaidi ya mapipa milioni 800 ya mafuta chini ya ardhi kama dunia ingechangia dola bilioni 3.6, nusu ya thamani yake wakati ule. Hadi 2013 zilikuwa zimeingia dola milioni 13 tu, akaufuta mpango. Uchimbaji ulianza 2016, haki za maumbile zikiwa tayari ndani ya katiba. Agosti 2023 wananchi wa Ecuador walipiga kura wenyewe, na karibu asilimia 59 wakaamua mafuta yale yaachwe. Mahakama ilitoa mwaka mmoja wa kuvifunga visima. Ulipokwisha, kimoja ndicho kilichokuwa kimefungwa kati ya zaidi ya 200, na serikali ikaomba hadi mwishoni mwa muongo huu. Nchi zilizoalikwa mwaka 2007 hazikuchanga zile dola bilioni 3.6, na hasara ya kuyaacha mafuta imebaki kwa Ecuador.